V ya 1983, V ya 2009, na neno "mgeni"

Usiku wa tarehe 3 Novemba 2009 Wamarekani zaidi ya milioni 13 walikaa mbele ya televisheni kutazama V mpya. Mwezi Mei 2011 kampuni ya ABC iliufuta mfululizo huo baada ya sehemu 22 tu. Kati ya tarehe hizo mbili watazamaji walilalamika kila namna: hadithi inakokotwa, sehemu nne za kwanza zimekatizwa na watu wameachwa wangoje hadi mwisho wa Machi 2010, vyombo vya angani vilivyotengenezwa kwa kompyuta vinaonekana bandia, Diana wa zamani alikuwa mwovu mwenye utamu kuliko Anna wa sasa. Wengine walijibu kwamba Morena Baccarin, aliyecheza Anna, alitosha kuubeba mfululizo mzima peke yake. Na wale waliokuwa watoto mwaka 1983 walirudi kwenye lilelile: mbona hakuna tena anayemeza mnyama mzimamzima?

Malalamiko hayo karibu yote yaliishia juu ya ngozi. V mpya ina kasoro nyingine, kubwa kuliko mwendo wake na picha zake, na mtu aliyekulia katika bonde la Ruzizi ana nafasi nzuri ya kuiona kuliko mtazamaji wa Los Angeles. Kasoro hiyo ni ya maana, na kwa sisi wa kitivo cha lugha ni ya neno pia.

Kwa asiyeijua hadithi: V ya kwanza iliandikwa na kuongozwa na Kenneth Johnson, ikaonyeshwa na NBC kwa siku mbili, tarehe 1 na 2 Mei 1983. Vyombo vikubwa vya duara vinasimama juu ya miji mikubwa ya dunia. Wanaoshuka wana sura kama zetu, wamevaa sare nyekundu, wanajiita Visitors, kwa Kifaransa Visiteurs, kwa Kiswahili wageni. Wanasema wanahitaji kemikali fulani ili kuiokoa sayari yao, nao watatulipa kwa elimu yao. Kumbe wamekuja kuchukua maji ya dunia yote, na watu pia, wawe chakula. Chini ya ngozi ya bandia ni viumbe wa jamii ya mijusi.

Johnson hakuanza na mijusi. Alianza na riwaya ya Sinclair Lewis ya mwaka 1935, It Can't Happen Here, inayoeleza udikteta unaoota ndani ya Marekani yenyewe, akaandika mswada usio na kiumbe wa angani hata mmoja. Ilikuwa miaka ya Star Wars, na NBC ikataka watu wa angani. Asili hiyo inaonekana katika kila dakika ya filamu. Sayansi yenyewe ni kidogo. Kilichojaa ni matangazo ya ukutani, vijana waliovishwa sare, mwandishi wa habari anayekubali kuwa msemaji wa wenye nguvu, jirani anayemshtaki jirani.

Sehemu ninayoiona kuwa moyo wa V ya kwanza ni ile ya wanasayansi. Wageni hawaanzi kwa risasi. Wanaanza kwa kutangaza kwamba wanasayansi wa dunia wamekula njama dhidi yao. Sababu yao iko wazi kwa mtazamaji: mwanasayansi ndiye angeweza kugundua kilicho chini ya ngozi. Lakini ndani ya hadithi watu wanaamini. Wanasayansi wanapoteza kazi, watoto wao wanatengwa, salamu zinakatika mtaani. Robert Maxwell anakimbia na familia yake, na nyumba ya akina Bernstein inaombwa iwafiche. Baba wa nyumba anaogopa, na hofu yake si ya mtu mbaya. Babu, mzee Abraham, aliyeokoka kambi za Wanazi na kumpoteza mkewe huko, anashikilia kwamba wapokewe. Mjukuu, Daniel, amekwisha kujiunga na vijana wa Wageni. Yeye ndiye anayetoa siri, na nyumba nzima inachukuliwa.

Angalia jinsi mambo mawili yalivyotenganishwa hapo. Kuna wavamizi, nao ni wa kweli: walishuka mchana, kila mtu aliwaona, wana silaha, wana majina na vyeo. Halafu kuna wanaosingiziwa kuwa adui wa ndani, na shtaka lao ni la uongo. Mtazamaji anajua tangu mwanzo kwamba ni la uongo, na anajua nani analitunga na kwa faida gani. Anawachukia wavamizi bila kupewa ruhusa ya kumchukia jirani.

V ya 2009 imeviunganisha vitu hivyo viwili kuwa kimoja. Anna anashuka na maneno yake ya amani, ndiyo, lakini tunaambiwa mapema kwamba wenzake wako duniani kwa miaka mingi. Wamejipenyeza katika polisi, serikali, biashara, hata vitandani. Mwenzake wa kazi wa Erica Evans, afisa wa FBI anayechezwa na Elizabeth Mitchell, ni mmoja wao. Dawa ni kupima. Wanaokutana kwa siri kupigana nao wanachanjwa kwa kisu nyuma ya sikio hadi kwenye mfupa, ili ionekane nani ni mtu na nani si mtu. Asiyekubali kuchanjwa ana lake.

Kwa hiyo shaka ambayo mwaka 1983 ilikuwa uongo wa mvamizi, mwaka 2009 imekuwa akili ya shujaa. Anayemshuku jirani yake katika V ya kwanza ni Daniel, kijana aliyepotoka. Katika V ya pili ni Erica, na hadithi inampa haki.

Hilo ndilo badiliko ambalo watazamaji wa Marekani hawakulizungumzia sana. Waliongea siasa zao. Kwa kuwa Anna anaahidi matibabu kwa wote, na rais wao wakati ule alikuwa Barack Obama mwenye mpango wa bima ya afya, kuna waliosema mfululizo mzima ni kijembe kwake, wengine wakakataa, wakabishana kwa majuma. Mabishano hayo hayatuhusu sana.

Kuna watakaosema kwamba watazamaji hukataa kila kilichofanywa upya, kwa sababu wanalinda utoto wao. Si kweli. Miaka sita kabla ya V mpya, Desemba 2003, Ronald D. Moore alileta upya Battlestar Galactica ya mwaka 1978. Kelele zilikuwa kubwa zaidi. Rubani Starbuck, aliyekuwa mwanamume na mpenda sigara, amefanywa mwanamke. Dirk Benedict, aliyemcheza zamani, aliandika makala ya hasira kulaani jambo hilo. Lakini watu walitazama, kelele zikapungua, na leo wengi huiona ile mpya kuwa bora kuliko ya kwanza. Machi 2009 waigizaji wake wakuu, Edward James Olmos na Mary McDonnell, walialikwa Umoja wa Mataifa, New York, kwenye majadiliano kuhusu vita na haki za binadamu.

Nayo ina adui aliyejificha! Wasailoni, mashine zilizoasi, wamepata miili isiyotofautika na yetu. Lakini Moore alifanya jambo ambalo V mpya haikuthubutu. Rubani mmoja, Sharon, ni Msailoni na yeye mwenyewe hajui. Anajitafuta kwa woga uleule ambao wenzake wanamtafuta adui. Baadaye, katika msimu wa tatu wa mwaka 2006, watu wenyewe wanaishi chini ya utawala wa Wasailoni, na ni watu wanaojifunga mabomu. Kila mara unapodhani umejua nani wa kuchunguzwa, kamera inahamia upande wa anayechunguzwa. Sina ugomvi, basi, na hadithi ya adui aliyejificha. Nauliza tu inatazamwa kutoka machoni pa nani.

Likizo iliyopita nilizipeleka V zote mbili Katogota, nikazionyesha uani kwa shangazi yangu, sehemu ya kwanza ya kila moja, jioni mbili tofauti. Zilikuwa na sauti ya Kifaransa, nami nikawa msimulizi. Kwa watu wa bonde hilo jambo hili si geni: wamezoea filamu zenye sauti ya Kiswahili juu yake, kwa mtindo ule ambao marehemu na walio hai wa kazi hiyo, Lufufu wa Dar es Salaam akiwa mbele, waliufanya upendwe kuliko filamu zenyewe. Msimulizi hatafsiri tu. Anawajibu waigizaji, anawaonya, anatukana kidogo.

Watoto walicheka mahali ambapo Wamarekani walitapika. Diana anapoinua mnyama mdogo mwenye manyoya na kummeza mzima, kijana mmoja alisema huyo ni dende, na kwamba kosa la mama huyo ni kutompika. Kivu ya Kusini ina watu wengi wanaofuga dende kwa ajili ya nyama. Ile picha iliyowatia hofu watoto wa 1983 huko kwao, kwetu ni suala la upishi.

Wazee hawakucheka. Walinyamaza pale mzee Abraham anapowakuta watoto wakichafua kwa rangi matangazo ya Wageni, akachukua rangi mwenyewe na kuwaonyesha herufi ya kuchora, V ya ushindi. Katogota ni kijiji ambacho kila tarehe 14 Mei hukumbuka watu wake waliouawa usiku wa tarehe hiyo mwaka 2000, wakati nchi ya huku ilipokuwa mikononi mwa waasi wa RCD na majeshi ya nje yaliyowaunga mkono. Hakuna aliyeutaja usiku ule wakati wa filamu. Mzee mmoja aliuliza tu kama huyo babu yuko hai hadi mwisho.

Jioni ya pili, na V ya 2009, mazungumzo yalikuwa mengi na ya haraka, na hayakunifurahisha. Kisu kilipopita nyuma ya sikio la mtu, pembeni palianza mzaha: fulani naye apimwe, yule wa ng'ambo ya barabara naye apimwe. Ulikuwa mzaha, lakini kila aliyekuwepo alielewa nani anatajwa na kwa nini. Dada mmoja anayeuza mchele Luvungi ndiye aliyeukata. Aliuliza: wale wa jana tuliwaona wakifika, hawa wa leo wamefika lini? Nikamjibu kwamba filamu inasema walifika zamani. Akasema, "Basi hapo mtu yeyote anaweza kuambiwa alifika zamani."

Sijasoma mhakiki aliyelisema jambo hili kwa ufupi kama yeye.

Maana sisi tuna neno linalobeba yote hayo. Kifaransa kina hôte, ambalo ni ajabu kwa upande wake, kwa kuwa linamtaja anayepokea na anayepokewa. Lakini kwa mtu wa nchi nyingine kina étranger, na hayo hayachanganyiki. Kinyarwanda kina umushyitsi kwa aliyekuja kutembea na umunyamahanga kwa mtu wa mataifa. Kiswahili kina mgeni. Mgeni ndiye unayemchinjia kuku, na mgeni ndiye unayemwambia arudi kwao. Jambo geni ni jambo lisilojulikana, na ugenini ni mahali usipo na haki ya kupandisha sauti. Mwenyeji kwa upande wake ni mwenye mji. Tuna methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu, na waalimu wetu hutueleza kuwa ni methali ya uvivu na kazi. Mimi naisoma pia kama methali ya uraia: kuna siku inayohesabika ambayo baada yake mtu haitwi tena mgeni, kwa sababu ana jembe na ana shamba.

Katika nchi yetu siku hiyo ya tatu imeahirishwa mara nyingi, tena kwa karatasi. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia kwa jumla watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa hapa muda mrefu. Sheria ya mwaka 1981 iliufuta mpango huo na kumtaka kila mtu aonyeshe kwamba ukoo wake ulikuwamo ndani ya mipaka tangu mwaka 1885, mwaka ambao katika bonde la Ruzizi hapakuwa na karani wa kuandika jina la mtu. Sheria ya mwaka 2004 ilisogeza kipimo hadi makabila yaliyokuwamo wakati wa uhuru, 1960. Kila kipimo kati ya hivyo ni kisu nyuma ya sikio. Kwa Wanyamulenge wa milima iliyo juu ya Uvira maswali haya hayakuwa somo la darasani. Yaliamua nani anapiga kura, nani anafukuzwa, na mara kadhaa nani anabaki hai.

Wakati huohuo wavamizi wa kweli walikuja. Oktoba 1996 Uvira ilianguka mikononi mwa AFDL na jeshi la Rwanda lililokuwa nyuma yake. Agosti 1998 ikawa vita nyingine. Anayesema hapa kwamba "hakuna adui, ni hofu tu" anawatukana waliozikwa Katogota. Ndiyo maana V ya 1983 inatufaa: inakubali kwamba majeshi ya nje huja, huua, hunywa maji yetu, na bado inakataa kabisa kwamba hilo linamfanya jirani fulani kuwa mjusi. Watu wa huku wamelazimika kushika mawazo haya mawili kwa pamoja kwa miaka zaidi ya 25, na wanasiasa wetu wengi hushika moja tu kwa wakati mmoja, lile linalowapa kura.

Najua jibu la wapenzi wa V mpya. Watanitajia Ryan, Mgeni aliyeasi watu wake, anayempenda mwanamke wa duniani na kuzaa naye mtoto. Watanitajia Safu ya Tano, Wageni wengine wanaohatarisha maisha yao kwa ajili yetu. Ni kweli, na ni sehemu bora za mfululizo huo. Lakini hazikubuniwa 2009. V ya zamani ilikuwa na Safu ya Tano yake, ilikuwa na Willie, Mgeni mpole asiyejua Kiingereza vizuri (alichezwa na Robert Englund, kabla hajatisha dunia nzima akiwa Freddy Krueger), na katika V: The Final Battle ya mwaka 1984 ilikuwa na mtoto wa damu mbili. Tena Ryan anapokelewa kwa sharti: awe tayari kila juma kuthibitisha upya kwamba yuko upande wetu. Mgeni mwema ni yule anayewaua Wageni wenzake. Wako vijana mlimani wanaoishi chini ya sharti hilohilo, na hawalioni kuwa ukarimu.

Wapo pia watakaosema namtwika mzigo mzito mchezo wa televisheni. Labda. Ila mchezo huo ndio uliochagua kujaza hadithi na visu na masikio, na waliotoa mzaha ule uani kwa shangazi hawakuhitaji profesa wa kuwafafanulia.

Kwa kitivo chetu nina ombi dogo. Semina ya tafsiri ya mwaka wa tatu kila mara hupewa hadithi fupi za Kifaransa zilezile. Ichukue saa ya kwanza ya V ya 1983 na saa ya kwanza ya V ya 2009, izitie Kiswahili, iandike sababu za kila uamuzi. Ugumu utaanza kwenye neno la kwanza la Diana na Anna. "Wageni" linamfanya mtazamaji amkaribishe anayeshuka, jambo ambalo hadithi inalitaka kwa nusu saa. "Wavamizi" linaharibu siri. "Watu wa juu" lilinijia nikiwa Katogota nikaliacha, kwa sababu huko watu wa juu ni watu wa milimani, na nisingeruhusu kosa hilo litoke kinywani mwangu. Nililotumia ni "wageni" hadi pale kemikali inapogunduliwa kuwa uongo, halafu "waliokuja na vyombo", refu na zito, lakini linamtaja mtu kwa alichofanya. Kwa V ya 2009 sina neno, maana humo wako pia ambao hawakuja na chombo chochote ambacho mtu alikiona.

Yule mzee aliyeuliza habari za Abraham hakukubaliana nami. Alitaka niendelee kusema "wageni" hadi mwisho wa filamu, kwa sababu, alisema, ndivyo wale wa kweli walivyojiita walipofika, na watoto wanatakiwa wasikie neno hilo likitumiwa vibaya na anayelitumia vibaya. Tulibishana hadi betri ya sola ikaisha.